Kamera ndani ya ndege ndogo: mwongozo kamili wa kuifunga, kuanzia kioo hadi sauti

Video ninazoletewa zina maradhi matatu, na nyingi zinayo yote kwa pamoja. Propela imepinda kama mundu, inaelea mbele ya pua ya ndege. Bahari baina ya Unguja na Pemba, ambayo rubani aliiona buluu na kijani, imetoka nyeupe kama tui. Na sauti ni mngurumo mtupu, utadhani umerekodi mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye video huwa ameshauza kamera ya mwanzo, kanunua ya bei zaidi, karudi na maradhi yaleyale.

Kamera haina kosa. Kazi yote hii hufanyika chini, injini imezimwa, nawe una maji, kitambaa na nusu saa ya subira. Ukishaanza kuichezea kamera angani umechelewa, na juu ya hayo unamshughulisha rubani.

Mwongozo huu ni wa ndege za injini moja, Cessna 172, 182, 206 na za aina hiyo, ambapo unajifunza urubani, umekodi, au rubani ni mtu wako. Ukiwa abiria wa kawaida kwenye ndege ya ratiba, kama Cessna Caravan, usifunge kitu popote: shika kamera mkononi na fuata unaloambiwa na rubani. Na kufunga kamera nje ya ndege, kwenye bawa au mguu wa tairi, hakumo humu kabisa. Hayo ni mabadiliko kwenye ndege yenyewe, yanahitaji fundi mwenye leseni na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Stendi yako kushika sana kwenye gari la shamba hakubadilishi lolote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda uwanjani

- Kamera ndogo ya michezo. Simu inafaa pia, ila ina matatizo yake nitakayoyataja.
- Stendi yenye kikombe cha mpira kinachonyonya kioo, kama zile wanazoshikia simu madereva wa teksi. Chagua yenye mkono mfupi kuliko zote dukani.
- Klampu ndogo yenye mdomo wa mpira, ikiwa utafunga kwenye bomba badala ya kioo.
- Kamba mbili nyembamba ngumu, kila moja na kulabu ndogo. Kamba ya kufulia ikatae, inavutika.
- Filta za giza za ND kwa kamera yako: ND8, ND16 na ND32. Ukipata na ND64, vizuri.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya.
- Memori kadi ya gigabaiti 64 au zaidi, na betri za akiba ndani ya vifuko vyake ili ncha za chuma zisigusane.
- Chupa ya maji baridi, yaani maji ya kunywa, si ya chumvi. Vitambaa viwili laini vipya.
- Fulana nyeusi.
- Rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha. Utaona.

## Hatua ya 1: Ongea na rubani kwanza, si siku ya safari

Rubani ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kila kitu kilichomo ndani ya ndege, hata kikiwa na uzito wa gramu 150. Mpigie siku moja au mbili kabla: "Shikamoo Kapteni, naomba kufunga kamera moja ndogo dirisha la nyuma kushoto, nitakuja mapema uione." Akisema hapana, ni hapana. Akisema atazame kwanza, hiyo ndiyo jibu zuri kuliko zote, kwa sababu utafunga yeye yupo.

Mwenye ndege naye aulizwe, hasa kama ni ndege ya skuli ya urubani. Wapo wasiotaka kabisa kitu cha kunyonya kwenye vioo vyao, na wana sababu; tutaifikia.

Jambo la pili la ruhusa ni uwanja. Pale Abeid Amani Karume na hata Pemba, sehemu zinakoegeshwa ndege ni eneo la ulinzi. Uliza mapema wapi unaweza kuwasha kamera na wapi usiwashe. Usingoje askari akuulize wewe.

## Hatua ya 2: Chagua upande wa ndege kwa kuliangalia jua na upepo

Hapa ndipo bahari yako inapogeuka tui. Watu hufunga kamera upande wowote wenye nafasi, wakaja wakailaumu lenzi.

Tuchukue safari ya kutoka Unguja kwenda Pemba. Kwa mstari mnyoofu ni kiasi cha kilomita 125, ndege inaelekea kaskazini na kidogo mashariki. Unakata pwani ya mashariki ya Unguja karibu na Kiwengwa, kisha kisiwa cha Mnemba kinabaki kushoto kwako. Ukikaribia Pemba, kisiwa cha Misali nacho kiko upande wa magharibi, kushoto vilevile. Kulia ni bahari kuu tu mpaka upeo wa macho. Asubuhi jua liko mashariki, yaani upande wako wa kulia, linamulika kila kilicho kushoto. Basi safari ya asubuhi kwenda Pemba: kamera kushoto. Waongoza ndege wanaweza kukupangia njia nyingine, lakini hesabu ni hiyohiyo: jua liwe mgongoni kwa kamera.

Kurudi alasiri mambo yanageuka. Mnemba sasa iko kulia, na jua pia liko kulia, linakupiga usoni. Bahari itang'aa kama bati jipya. Ukiwa na nafasi ya kurekodi mara moja tu, rekodi wakati wa kwenda.

Upepo nao una neno. Njia ya kurukia ya Unguja inalala kaskazini na kusini, na ndege huruka na kutua kwa kuukabili upepo. Msimu wa kusi ndege hutua ikitokea upande wa kaskazini, na Mji Mkongwe unapita kulia kwako. Msimu wa kaskazi huruka kuelekea kaskazini, na mji unakuwa kushoto. Mtu anayetaka mapaa ya Mji Mkongwe akafunga kamera upande usiohusika atapata mapaa ya mabati na minazi, ambayo nayo ni mazuri, ila siyo aliyoyataka.

Na usisahau maji. Siku za bamvua bahari hupwa sana kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, na hapo fungu za mchanga, mikondo na mashamba ya mwani huonekana kutoka juu kama ramani. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, picha hupooza. Muulize mvuvi yeyote bamvua ni lini, atakujibu bila kutazama simu.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kufungia

Kuna sehemu tatu zinazofaa, na moja ambayo kila mtu huikimbilia na haifai.

Dirisha la nyuma la pembeni. Hapa ndipo pa kuanzia. Halimzuii rubani kuona, liko mbali na usukani, na kwa kuwa mabawa ya Cessna hizi yako juu, chini kote kuna nafasi ya kupiga picha. Nguzo ya bawa itaingia kwenye picha. Iache iingie, inampa mtazamaji kujua kuwa yuko ndani ya ndege.

Baina ya viti vya mbele, ukitazama mbele. Unapata mabega ya marubani, dashibodi na propela. Kamera huwekwa darini nyuma ya vichwa vyao, kwenye sehemu ngumu isiyotikisika. Hapa ndipo patamu kwa anayejifunza, kwa sababu unaona mikono yake na saa za ndege, yaani vipimo vya dashibodini, kwa pamoja.

Kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa abiria. Kwa ruhusa ya rubani tu, na kamera ndogo tu.

Katikati ya kioo cha mbele, juu ya dashibodi: hapana. Hapo ndipo penye dira ya sumaku, au karibu yake. Halafu ndipo jua linapochoma kuliko popote. Kamera ikikaa hapo dakika kumi ndege imeegeshwa juani, itajizima yenyewe kwa joto kabla hata injini haijawashwa.

Klampu usiifunge kwenye kiti, kwani kiti kinasogea. Usiifunge kwenye komeo la mlango, kwenye reli za viti, wala kwenye kitu chochote kinachozunguka, kinachovutwa au kinachosukumwa. Na njia ya kutokea kwa dharura isizibwe hata kidogo: kaa kitini, funga mkanda, kisha jifanye unatoka haraka. Kama kiwiko kinagonga stendi, hapo si mahali pake.

## Hatua ya 4: Safisha kioo kwa maji, si kwa kusugua

Ndege iliyolala nje usiku mmoja tu hapa kwetu huamka na utando wa chumvi. Chumvi ile ina chembe ngumu. Na "kioo" cha ndege ndogo si kioo. Ni plastiki ngumu, hukwaruzika kama mfuniko wa saa ya bei nafuu. Ukipita na kitambaa kikavu unachora mistari ambayo itabaki kwenye kila video itakayorekodiwa kupitia dirisha lile, yako na za wengine. Hiyo ndiyo sababu wenye ndege ni wakali.

Mwagia maji baridi kidogo, yateremke na chumvi. Kisha futa taratibu kwa kitambaa kilicholowa, kutoka juu kwenda chini, si kwa duara. Malizia kwa kitambaa cha pili. Ndani fanya vivyo hivyo kwa maji machache zaidi. Dawa ya kusafishia vioo vya nyumbani yenye amonia usiilete hata karibu. Inaifanya plastiki ile iote nyufa ndogondogo kama utando wa buibui.

Kioo kiko tayari ukikitazama kwa mshazari na usione ukungu wala alama ya kidole.

## Hatua ya 5: Funga. Kisha funga tena kwa kamba

Lowesha ukingo wa kikombe kwa tone la maji, kibane kwenye sehemu bapa ya dirisha, si kwenye mkunjo, kisha teremsha komeo lake. Subiri dakika tano. Vuta kwa nguvu ya mkono mmoja, kama unayevuta droo iliyokwama. Kikiteleza hata kidogo, bandua, safisha upya, rudia.

Sababu ya ukali huu ni ya kifizikia. Kikombe hakina gundi. Kinachokishikilia ni hewa ya nje inayokisukuma kwenye kioo. Ukipanda juu hewa inapungua, na nguvu ya kushika inapungua nayo. Kwenye futi 10,000 mgandamizo wa hewa umebaki kama asilimia 70 ya ule wa ufukweni. Ongeza mtetemo wa injini na plastiki iliyopata joto, ndiyo maana stendi iliyokaa wiki nzima kwenye gari huanguka ndani ya ndege katikati ya safari.

Mimi yangu iliangukia mguuni kwa rubani, tukiwa tunashuka kuingia Pemba. Sikuwa nimefunga kamba, nilijiona mjuzi. Alinitazama mara moja tu, hakusema neno, akaendelea kutua. Kimya kile nakikumbuka kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa. Kamera ikianguka karibu na pedali za miguu inaweza kuzibana, na hapo hatuzungumzii tena habari za video.

Kwa hiyo kamba mbili: moja ya kamera yenyewe, moja ya stendi, kila moja kwenye kitu chake kisichobanduka. Kwa sababu kinachovunjika mara nyingine si kikombe bali kile kiungo cha plastiki baina ya stendi na kamera. Urefu wa kamba uwe ule unaohitajika tu. Jaribu hivi: bandua kamera kusudi uiachie ining'inie. Ikifika kwenye usukani, pedali, au kichwa cha mtu, kamba ni ndefu.

Sasa rangi ya kucha. Kaza skrubu zote, kisha chora mstari mdogo unaopita juu ya skrubu na kuingia kwenye stendi. Mtetemo hulegeza skrubu polepole bila wewe kujua. Mistari ikiacha kukutana, skrubu imezunguka. Unaiona kwa jicho moja, huna haja ya kushika.

Na mkono wa stendi uwe mfupi. Kila sentimita unayoongeza inakuza mtetemo, kama ufito: ncha ndiyo inayochezacheza. Gusisha kona ya kamera kwenye kioo kupitia kipande chembamba cha mpira ukiweza, utashangaa picha inavyotulia.

## Hatua ya 6: Kagua dira na usukani, rubani akiwepo

Hii ni fupi lakini hairukwi.

Tazama dira ya sumaku kamera ikiwa imezimwa. Washa. Anza kurekodi. Ondoa kamera kabisa, uirudishe. Dira ikisogea katika hatua yoyote, kamera iko karibu mno, ihamishe. Jihadhari zaidi na stendi zenye sumaku na vifuniko vya simu vyenye sumaku. Hivyo viache nyumbani.

Kisha mwombe rubani azungushe usukani mpaka mwisho kila upande, avute, asukume, akanyage pedali zote mbili. Waya, kamba, mkono wa stendi: visiguse chochote. Mwombe pia akae kama anavyokaa siku zote na atazame nje kila upande. Akisema "hapa pananizuia kidogo," usimshawishi.

Mwisho, simu na kamera ziwekwe kwenye hali ya ndege, mawimbi yamezimwa.

## Hatua ya 7: Mipangilio ya kamera, au kwa nini propela inapinda

Hapa ndipo wengi walipokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Injini ya Cessna 172 ikiwa safarini huzunguka kiasi cha mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Kamera yako haichukui picha nzima kwa mpigo. Inaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Hadi ifike chini, panga la propela limeshahama. Kwa hiyo juu ya picha panga liko huku, chini liko kule, na likiunganishwa linatoka limepinda.

Upindaji huo huonekana pale shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, inapokuwa ya kasi mno. Kwenye mwanga wa saa tano asubuhi juu ya bahari, kamera ikiachiwa ijichagulie hufungua shata kwa 1/2000 ya sekunde au zaidi. Katika muda huo propela imezunguka nyuzi 7 tu. Inaganda na umbo lake lililopinda linaonekana wazi. Ukipunguza hadi 1/100, propela inazunguka nyuzi 144 ndani ya picha moja. Haigandi tena, inakuwa kivuli chepesi cha duara, kama feni ya dari inavyoonekana kwa macho. Ndicho tunachokitaka.

Lakini ukipunguza shata bila kitu kingine, mwanga unaingia mwingi na picha inaungua. Ndiyo kazi ya filta ya ND, ambayo ni miwani ya jua ya kamera. Namba yake inakwambia inagawanya mwanga kwa ngapi. Kama kamera bila filta, kwenye ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), inataka shata ya 1/3200:

- ND8 inakushusha hadi 1/400. Propela bado imepinda.
- ND16 hadi 1/200. Afadhali.
- ND32 hadi 1/100. Hapo pazuri.
- ND64 hadi 1/50. Laini sana, lakini stendi ikitikisika picha nzima itakuwa na ukungu.

Mimi hubaki na ND32 siku ya jua kali, na ND8 au ND16 mawingu ya masika yakitanda. Wanaong'ang'ania ND64 kwa sababu wameiona kwenye video za nje wawe na stendi imara kuliko yangu.

Caravan na nyingine zenye propela ya panga tatu hufuata hesabu hiyohiyo. Ama kamera ya dirisha la pembeni isiyoona propela haihitaji filta ya giza. Usiivalishe kwa mazoea. Shata ya kasi huko inasaidia kuficha mtetemo.

Mipangilio iliyobaki:

ISO ifunge kwenye 100. Rangi (white balance) ifunge kwenye mwanga wa jua, kama 5500K. Ukiiacha ijichagulie, kila ndege ikigeuka kutoka nchi kavu kwenda kwenye maji ya kijani, nyuso za watu zitabadilika rangi kama vinyonga.

Mwanga pima kwa nje, si kwa ndani. Punguza nusu hatua hadi hatua moja nzima kwenye kipimo cha mwanga cha kamera (EV). Ndani patakuwa giza kidogo, lakini giza linaweza kung'arishwa baadaye kwenye kompyuta. Bahari iliyoungua ikawa nyeupe hairudi kwa dawa yoyote.

Kizuia mtikisiko cha kamera kizime ukiwa umeifunga. Najua, kinasikika kama kichaa. Kifaa kile kinahisi mwendo wa ndege nzima na kujaribu kuusahihisha, matokeo yake dashibodi inaonekana inaogelea huku upeo wa macho umetulia. Kinafaa mkononi, si kwenye stendi.

Simu: funga fokasi mbali kabisa. La sivyo itaona tone la mvua kwenye kioo na kuling'ang'ania safari nzima.

Filta za kuondoa mng'aro, zile unazozungusha, usizitumie kupitia dirisha la ndege. Plastiki ile ikitazamwa kupitia filta hizo hutoa mabaka ya rangi kama mafuta kwenye dimbwi. Dhidi ya uakisi wa dirisha dawa ni fulana nyeusi, wewe na ukiweza na rubani. Shati jeupe litaelea juu ya Mnemba kama mzuka.

## Hatua ya 8: Sauti

Maiki ya kamera itakupa injini tu. Njia rahisi kuliko zote: chukua ile maiki ya kola na uiingize ndani ya sikio la hedseti yako, baina ya sifongo na sikio, waya upite nyuma ya shingo. Itasikia unachosikia wewe: rubani, wewe mwenyewe, na redio. Injini itabaki nyuma, kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Upo pia waya maalumu unaochomekwa baina ya hedseti na tundu la ndege na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kamera. Sauti yake ni safi zaidi. Hakikisha umetengenezwa kwa hedseti za ndege, maana plagi zake ni mbili, za unene tofauti, na nguvu ya sauti yake ni kubwa kuliko inayokubaliwa na kamera. Waya wa kawaida wa dukani utakupa sauti iliyopasuka.

Mazungumzo ya redio na waongoza ndege usiyarushe mtandaoni kabla ya kuomba ruhusa. Ukiwa na shaka, toa sauti uweke muziki.

## Hatua ya 9: Jaribio la chini

Omba kuwepo siku ambayo rubani anawasha injini kwa ukaguzi wake, au mpange dakika tano kabla ya safari. Rekodi injini ikiwa polepole, kisha ikipandishwa. Injini ikishazimwa na propela kusimama kabisa, tazama ulichorekodi kwenye kioo kikubwa, si kile kidogo cha kamera.

Angalia mambo manne. Propela ni kivuli au mundu? Herufi za saa za ndege zinasomeka, au zinatetemeka? Nje ya dirisha kuna rangi, au kweupe? Na unasikia neno la rubani alilolisema? Yote manne yakiwa sawa, usiguse tena kitu. Herufi zikitetemeka, rudi kwenye hatua ya 5, fupisha mkono. Nje kukiwa kweupe, rudi kwenye mwanga na filta.

Ni hatua inayochosha, na ndiyo inayorukwa na karibu kila anayeniletea video mbovu.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Kama umelala chumba chenye kiyoyozi, kamera itoe nusu saa mapema ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, ipate joto taratibu. Ukiitoa ghafla kwenye unyevu wetu lenzi inatoka jasho, hata ndani, na halifutiki.

Iweke kivulini hadi dakika ya mwisho. Ndege ikiegeshwa juani, funika kamera kwa kitambaa cheupe.

Kwenye ubora wa juu kamera nyingi hula kiasi cha gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 inatosha kama dakika 85. Betri ndogo hudumu takriban saa moja, pungufu kwenye joto. Kwa Cessna 172 safari ya Pemba ni kama dakika 40 angani, na kuna muda wa kuwasha injini na wa ndege kutembea ardhini. Hesabu kabla. Betri za akiba zikae mfukoni mwa begi ndani ya ndege, zimefunikwa, pasichajiwe kitu kisichotazamwa.

Washa kurekodi kabla ya injini kuwashwa, piga makofi mara moja mbele ya kamera ili baadaye uoanishe sauti na picha, kisha kunja mikono. Kutembea ardhini, kuruka, kupanda, kushuka na kutua: usiguse kamera, usimsemeshe rubani habari za kamera. Taa nyekundu ikizimika, imezimika. Safari nyingine zipo.

Ikilegea njiani, iondoe na uiweke mfukoni. Usijaribu kuifunga upya ndege ikiwa hewani.

## Hatua ya 11: Kufungua

Subiri propela isimame na rubani aseme tayari. Usikivute kikombe, inua kile kikia pembeni hewa iingie, kitatoka chenyewe. Futa duara lililobaki kwa maji.

Kisha hesabu. Ulipoingia ulikuwa na kamera, stendi, kamba mbili, kulabu mbili, filta, maiki, skrubu zake. Uwe navyo vyote mkononi. Skrubu moja iliyoteleza chini ya kiti inaweza kusafiri hadi kwenye nyaya za usukani. Ikikosekana, mwambie Kapteni hapohapo, kabla ndege haijaruka tena, hata kama abiria wa safari inayofuata wameshapanga mabegi. Mtaitafuta pamoja kwa tochi mpaka ionekane.

Nyumbani, futa vifaa vyote kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani chumvi imo pia ndani ya viungo vya stendi. Andika kwenye daftari siku hiyo ulitumia filta gani, upande gani, saa ngapi, na bahari ilikuwa bamvua au maji mafu.